Magunia matatu zaidi: ni mbolea au ni bahati?

MVUA za masika zinapokaribia, si ajabu mkulima wa vijiji vya Morogoro kutembelewa na kijana mwenye kamba, vigingi, mizani na daftari. Kwanza hupita kwa mwenyekiti wa kijiji, huamkia wazee, kisha hueleza haja yake. Anasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na anaomba kipande cha shamba kwa msimu mmoja au miwili afanyie utafiti wa tasnifu yake.

Mwenye shamba akikubali, maajabu huanza. Kijana haridhiki na kipande kimoja chenye mbolea na kingine kisicho na mbolea. Anataka vipande kumi na viwili, wakati mwingine ishirini na vinne, kila kimoja kidogo kama sebule ya nyumba. Anaandika namba kwenye vikaratasi, anavikunja, anaviokota bila kutazama, na vikaratasi hivyo ndivyo vinavyoamua kipande kipi kipate mbolea. Halafu anaomba jambo linalomuuma mkulima kuliko yote: vile vipande visivyo na mbolea viachwe vivyo hivyo hadi mavuno, hata mahindi yakigeuka manjano mbele ya wapita njia.

Wakati wa mavuno anapima kila kitu kwa mizani, anaondoka na daftari lake, na baada ya miezi kadhaa habari inarudi kijijini: tofauti iliyoonekana "haina maana kitakwimu". Wanakijiji wanashangaa. Walioshuhudia mavuno wanajua kwamba kwa wastani vipande vya mbolea vilitoa zaidi, kiasi cha magunia matatu kwa ekari. Macho yao yalidanganya?

Hayakudanganya. Swali la kijana, hata hivyo, halikuwa kama magunia matatu yalikuwapo. Aliuliza kama magunia hayo yaliletwa na mbolea au yangekuwapo hata bila mbolea. Maswali hayo mawili yako mbali sana, na kati yake ndipo fedha nyingi za wakulima na wenye maduka ya pembejeo hupotelea.

Shamba moja, udongo mwingi

Kila mkulima anajua kwamba ekari moja haina udongo wa namna moja. Palipokuwa na zizi la ng'ombe miaka kumi iliyopita, mahindi hustawi bila kuuliza. Karibu na kichuguu kilichosawazishwa hali ni hiyo hiyo. Chini ya mwembe kuna kivuli, kwenye mteremko maji hukimbia na rutuba, na kona moja ina kiduha kisichokwisha. Gawa ekari hiyo vipande ishirini, panda mbegu moja, siku moja, bila mbolea yoyote, kisha vuna kila kipande peke yake. Hakuna vipande viwili vitakavyolingana. Kimoja kitazidi kingine kwa gunia, pengine kwa magunia matatu au zaidi, na hakuna aliyeweka chochote.

Sasa fikiria muuzaji wa mbegu au mbolea anayeweka shamba la mfano kando ya barabara: ukanda mmoja wa bidhaa yake, ukanda mmoja wa "kienyeji", na kibao kikubwa katikati. Hata akiwa mkweli kabisa, na wengi ni wakweli, ukanda mmoja dhidi ya mwingine hauthibitishi kitu. Kama bidhaa haina athari yoyote, bado lazima ukanda mmoja uzidi mwingine, na uwezekano wa wake kuzidi ni nusu kwa nusu, sawa na kurusha shilingi hewani. Na kama yeye ndiye aliyechagua ukanda upi uwe wake, shilingi yenyewe imeelemea upande.

Vikaratasi vilivyokunjwa vinatibu tatizo la kuelemea. Vipande vingi vinatibu tatizo la nusu kwa nusu. Kwa kuwa shamba lina mteremko na kona mbaya, kijana huligawa kwanza katika makundi, yale ambayo watafiti huyaita bloku. Ndani ya kila bloku kila aina ya mbolea hupata kipande kimoja kwa kura, ili pasiwe na mbolea itakayopewa zizi la zamani peke yake.

Hesabu ya vikombe vya chai

Anayetajwa zaidi katika hesabu hizi ni Mwingereza Ronald Fisher. Mwaka 1919 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1843 na John Bennet Lawes, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mbolea ya viwandani. Shamba lake la ngano liitwalo Broadbalk limekuwa likifanyiwa majaribio tangu mwaka huo. Fisher alikuta vitabu vya takwimu za mavuno ya miongo mingi na kazi yake ikawa kutafuta vinasema nini. Alichogundua ni kwamba jaribio lisilopangwa vizuri tangu kupanda haliokolewi na hesabu baada ya kuvuna.

Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, Fisher hakuanza na mbolea wala ngano. Alianza na chai ya maziwa. Bibi mmoja alidai kwamba akionja anaweza kujua kama kikombeni yalitangulia maziwa au ilitangulia chai. Inaelezwa kwamba alikuwa Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani hapo hapo Rothamsted. Fisher akapanga vikombe vinane, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vikachanganywa kwa kura, na bibi akatakiwa kuvitenga.

Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane. Mtu asiyejua lolote, anayebahatisha tu, ana nafasi moja kati ya 70 ya kupatia vyote, yaani chini kidogo ya asilimia moja na nusu. Kwa hiyo akipatia vyote, tuna sababu ya kumwamini. Angepewa vikombe viwili tu, mmoja wa kila namna, hata mlevi angepatia nusu ya mara zote.

Badala ya vikombe weka vipande vya shamba, na badala ya chai weka mbolea, nawe umeshaelewa kiini cha sura ngumu kuliko zote katika tasnifu ya kilimo. Vipande viwili: bahati peke yake inatosha mara moja kati ya mbili. Vipande vinne, viwili vyenye mbolea na viwili visivyo nayo: kuna njia sita za kuvigawa, na bahati inaweza kuviweka vyenye mbolea juu ya vyote mara moja kati ya sita. Vipande sita, vitatu kwa vitatu: njia 20, mara moja kati ya 20. Vipande vinane: mara moja kati ya 70. Hapo panaeleweka kwa nini kijana alikataa katakata kutosheka na vipande viwili, ingawa mwenye shamba aliona anasumbua tu.

Ile "mara moja kati ya 20" ndiyo asilimia tano maarufu. Katika maandishi yake ya miaka ya 1920 Fisher alipendekeza kiwango hicho kwa kuwa kinafaa, na dunia ya wasomi ikakishika kama amri ya Mungu. Mwenyewe hakusema jaribio moja likivuka mstari huo kesi imekwisha. Alitaka jaribio lililopangwa vizuri likirudiwa liwe linavuka mstari karibu kila mara, ndipo jambo lihesabiwe kuwa limethibitika. Sehemu hiyo ya pili husahauliwa mara nyingi kuliko ya kwanza.

Na asilimia hiyo haimaanishi kile ambacho wengi hudhani. Tasnifu ikisema uwezekano ni asilimia tatu, haisemi kwamba kuna asilimia tatu tu ya mbolea kuwa bure. Inasema kwamba kama mbolea ingekuwa bure kabisa, tofauti kubwa kama hii au zaidi ingejitokeza kwa bahati mara tatu tu katika majaribio mia. Ni sawa na polisi anayesema mtu asiye mwizi ni nadra kukutwa usiku wa manane akiwa na tundu la kuku. Ni sababu nzuri ya kumhoji, lakini bado hajahukumiwa.

Nyota, herufi na "ns"

Mkulima anayetembelea mabanda ya maonyesho ya Nane Nane atakutana na hesabu hizi zimebandikwa ukutani, katika majedwali yenye alama ndogo ambazo kwa kawaida hakuna anayezieleza. Nyota moja kando ya namba kwa desturi ina maana tofauti imevuka mstari wa asilimia tano. Mbili ni asilimia moja. Tatu ni sehemu moja kati ya elfu. Herufi "ns" ni kwamba tofauti haikuvuka.

Kuna pia herufi a, b, c zinazofuata wastani wa mavuno. Tuseme jedwali linaonyesha mbolea ya kwanza kilo 2,900 kwa hekta na herufi a, mbolea ya pili kilo 2,600 na herufi ab, na pasipo mbolea kilo 2,100 na herufi b. Zinazochangia herufi hazijaonyeshwa kutofautiana. Kwa hiyo mbolea ya kwanza imeshinda pasipo mbolea, maana moja ina a na nyingine b. Lakini mbolea ya pili inachangia herufi na zote mbili: haijathibitika kuwa duni kuliko ya kwanza, wala haijathibitika kuwa bora kuliko kutoweka kitu. Mwenye duka anayeona 2,600 ni kubwa kuliko 2,100 na kukimbilia kuagiza tani tano kwa mkopo amesoma namba na kuruka herufi.

Kosa la upande wa pili nalo ni la kawaida, hata kwa wasomi. "Ns" haimaanishi kwamba mbolea haifanyi kazi. Inamaanisha jaribio hili halikuweza kutenganisha mbolea na bahati. Wavu wenye matundu makubwa ukitoka ziwani bila dagaa, haina maana ziwa halina dagaa. Jaribio lenye vipande vichache, katika shamba lenye udongo mchafukoge, ni wavu wa namna hiyo. Chini ya jedwali huwapo namba iitwayo CV, kwa asilimia, inayoonyesha vipande vilivyotendewa sawa vilipishana kiasi gani. Ikiwa kubwa, tuseme 30 au zaidi kwa mavuno ya mahindi, matundu ya wavu ni makubwa. Hayo ndiyo yanayoweza kumpata kijana wetu wa mwanzo: magunia matatu yalikuwapo, lakini vipande vyenyewe kwa vyenyewe vilipishana kwa kiasi hicho hicho.

Lipo pia jambo ambalo wasimamizi wa wanafunzi wanalijua vizuri. Mwanafunzi hupima mambo mengi: urefu wa mmea, idadi ya majani, siku za kuchanua, urefu wa gunzi, uzito wa punje mia moja na kadhalika. Akipima mambo 20 yasiyohusiana, na mbolea haina athari kwa lolote kati yake, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 64 kwamba angalau moja litapata nyota kwa bahati tu. Mwanafunzi ambaye muda wa masomo umekwisha na fedha za utafiti zimekwisha hushawishika kuiandika nyota hiyo moja kwa wino mzito na kuyataja yale 19 kwa mkato. Huo si wizi wa kughushi namba, lakini msomaji amepotezwa vile vile. Kinga yake ni mwanafunzi kuandika kabla ya kupanda ni jambo gani hasa anataka kulijua, na wasimamizi makini humlazimisha afanye hivyo.

Nyota hailipi deni

Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko lililowashangaza baadhi ya wasomi, ingawa mkulima angeliona la kawaida kabisa. Kilisema kwamba kuvuka mstari wa asilimia tano hakupimi ukubwa wa athari wala umuhimu wake. Tofauti ndogo sana inaweza kupata nyota tatu kama vipande ni vingi vya kutosha.

Aliyelijua hilo mapema alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia. William Gosset wa kampuni ya Guinness, Dublin, alikuwa na tatizo la kupima shayiri na hops kwa sampuli chache. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kufanya hesabu hiyo, kwa jina la bandia la "Student", kwa kuwa kampuni haikuruhusu wafanyakazi wake kuchapisha kwa majina yao. Kipimo cha t, ambacho leo kila mwanafunzi wa uzamili hukutana nacho, kilizaliwa humo. Gosset alikuwa akinunua na kuuza, hivyo siku zote alirudi kwenye swali la faida: tofauti hii ina thamani ya shilingi ngapi, na kukosea kutagharimu ngapi?

Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, chenye makao yake Meksiko, kilichapisha mwaka 1988 mwongozo wa kugeuza matokeo ya majaribio kuwa ushauri kwa mkulima. Mambo mawili humo yanafaa kubandikwa katika kila duka la pembejeo. La kwanza, mavuno ya vipande vya majaribio yapunguzwe kwa asilimia 5 hadi 30 kabla ya kupiga hesabu ya fedha, kwa sababu kipande kidogo kinachopaliliwa kwa wakati na kuvunwa bila kupoteza punje hutoa zaidi ya shamba la kawaida. La pili, mkulima mdogo hawezi kutarajiwa kubadili kilimo chake kwa faida kiduchu. Faida juu ya gharama mpya inapaswa kuwa angalau kati ya asilimia 50 na 100, maana fedha aliyoiweka imelala shambani msimu mzima na mvua inaweza kuikata.

Tuchukue mfano, na tuhesabu kwa kilo badala ya shilingi, kwa kuwa bei hubadilika kila wiki. Jaribio linaonyesha mbolea imeongeza kilo 200 za mahindi kwa ekari, na nyota mbili juu yake. Punguza asilimia 20, zinabaki 160. Mbolea, usafiri wa kutoka mjini, kibarua wa kuiweka na kazi ya ziada ya kuvuna vinagharimu sawa na kilo 120 za mahindi kwa bei ya shambani wakati wa mavuno. Bei ya shambani ndiyo hiyo, maana ile ya Februari humkuta mkulima amekwisha uza kwa walanguzi. Zilizobaki ni kilo 40 juu ya 120, yaani faida ya asilimia 33. Nyota zipo, ukweli wa kisayansi upo, na bado mkulima anayekopa ili anunue mbolea hiyo anajitafutia matatizo. Ikumbukwe pia kwamba gunia la mtafiti ni kilo mia moja kwa mizani. Lumbesa haimo kwenye jedwali.

Kongwa na msimu mmoja

Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta hasara ya kuruka majaribio. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kupendekeza kilimo kikubwa cha karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947 kwa matrekta, bila kusubiri misimu ya majaribio madogo kwenye udongo ule. Mvua zilikuwa haba na za kubahatisha. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikawa hazing'oleki. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na walipa kodi wa Uingereza wakawa wamepoteza takriban pauni milioni 36. Vipande vichache vya kura, kwa misimu mitatu, vingegharimu kidogo sana.

Tasnifu ya uzamili ina udhaifu kama huo kwa kiwango kidogo. Huwa ni ya msimu mmoja, mara chache miwili, na kijiji kimoja au viwili. Hesabu zake zinaweza kuwa safi kabisa na bado zisimfae mkulima wa wilaya ya pili. Fosfati ya Minjingu inayochimbwa Manyara ni mfano unaojulikana. Ni mwamba uliosagwa, na huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali kuliko katika udongo wenye magadi. Nyota iliyopatikana kwenye udongo wa namna moja haihamii kwenye mwingine. Kwa sababu hiyo, aina mpya ya mbegu nchini haiidhinishwi kwa tasnifu moja, bali hupitia majaribio katika maeneo kadhaa yanayosimamiwa na Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI).

Malawi ilipata njia nyingine katika miaka ya mwisho ya 1990, kupitia mtafiti wa rutuba ya udongo Sieglinde Snapp na wenzake. Waliweka jaribio moja kamili katikati ya eneo, lenye vipande vyote na marudio yote, wakaliita mama. Kisha wakulima wengi wa jirani wakachukua kila mmoja sehemu chache tu ya yale yaliyomo kwa mama, wakayalima wenyewe kwa mikono na palizi yao. Hayo wakayaita watoto. Mama anatoa uhakika wa hesabu, watoto wanaonyesha kinachotokea katika mashamba halisi. Shamba moja la mtoto halithibitishi kitu, lakini watoto thelathini wakielekea upande mmoja, hiyo ni takwimu.

Kilo moja iliyopotea

Mwenye shamba anayekubali kupokea mwanafunzi ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani, na hapa hesabu ni ya kutisha. Kipande cha mita tatu kwa nne kina mita za mraba 12. Hekta ina mita za mraba 10,000. Ili mavuno ya kipande yaandikwe kwa hekta, mwanafunzi huyazidisha mara 833. Watoto wakichuma mahindi mabichi saba au nane ya kuchoma kutoka kipande kimoja, imetoka takriban kilo moja ya nafaka, na katika jedwali zimepotea kilo 833 kwa hekta, zaidi ya magunia matatu kwa ekari. Mbuzi mmoja aliyekata kamba anaweza kuamua hatima ya tasnifu.

Huruma nayo huharibu. Mkulima anayeona aibu kwa mahindi ya manjano na kuyatupia kiganja cha samadi usiku amekifuta kipande cha kulinganishia, na jaribio zima halina tena cha kupimia. Afadhali akatae tangu mwanzo. Akubaliane na mwanafunzi, mbele ya mwenyekiti na kwa maandishi, nani atachukua mavuno, na nani atafidia upungufu wa vipande visivyo na mbolea. Hilo si ukorofi. Familia inayokula kutoka shamba hilo ndiyo inayobeba gharama ya kipande cha kulinganishia. Na kama jambo limetokea, mbuzi au viwavijeshi au mafuriko, mwanafunzi aambiwe ni kipande namba ngapi. Kipande kilichoharibika kikijulikana hesabu zinaweza kurekebishwa, kisipojulikana kinakuwa uongo wenye nyota.

Kwa upande wao, wasomi wana deni wasilolilipa. Tasnifu zilizofanyiwa kwenye mashamba ya Kilosa na Mvomero zimeandikwa kwa Kiingereza na kulala kwenye maktaba, na wenye mashamba wengi hawakuwahi kuona jedwali lao. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye wastani wa mavuno, herufi zake na gharama kwa ekari, ungetosha. Mkulima ana haki ya kuuomba kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa.

Na asiyetembelewa na mwanafunzi yeyote anaweza kujijaribia. Anahitaji sehemu ya shamba iliyo sawa kiasi, mistari sita ya urefu mmoja, mizani ya kuazima na kofia. Vikaratasi sita, vitatu vimeandikwa "mpya" na vitatu "zamani", vinaokotwa kimoja kimoja kuanzia mstari wa kwanza. Kati ya mstari na mstari huachwa mistari miwili isiyopimwa ili mbolea isivuke. Palizi siku moja, kuvuna siku moja, kupima baada ya kukausha. Mistari yote mitatu ya "mpya" ikizidi yote mitatu ya "zamani", bahati peke yake ingefanya hivyo mara moja tu kati ya 20. Hata mmoja wa "zamani" ukipenya katikati, bado hajajua, na fedha ya mbolea ya shamba zima ikae mfukoni kwanza. Namba ziandikwe kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, na vikaratasi virudishwe kwenye kofia hadi msimu ujao.